Harusi ya Michamvi Kae, Zanzibar: uliza maji kwanza, bei baadaye

Kijana wetu yuko Leeds mwaka wa tisa sasa. Mchumba wake kazaliwa huko huko, ila wazazi wake ni watu wa Kampala. Kuwaleta wakwe wote Voi kulikuwa na ugumu wake, na kuombea viza ya Uingereza watu 30 wa upande wetu ndiyo ingekuwa kazi ya mwaka mzima. Wakakubaliana Zanzibar. Mkenya na Mganda haombi viza kuingia Tanzania, kwa hiyo mzigo huo ungebaki kwa wale wa Uingereza tu.

Januari akanipigia simu: "Shangazi, wewe ndiye uliye karibu. Nenda utuchagulie mahali. Tunataka ufukweni, Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa kumi na nusu jioni, na usiku mwezi uwe mpevu." Mwezi alikuwa ameutafuta mkwe wetu mwenyewe kwenye kalenda. Mwezi mpevu wa Agosti 2025 ulikuwa unaangukia Jumamosi hiyo hiyo, na hakutaka siku nyingine.

Nilikwenda Februari, siku nne, wiki moja hivi kabla ya Ramadhani. Treni hadi Mombasa, kisha ndege isiyofika saa moja. Mfukoni nilikuwa na kadi ya homa ya manjano, maana anayetoka Kenya huulizwa, na nilikuwa na karatasi niliyoandika jambo moja tu juu kabisa: mama yangu. Ana miaka 83, goti la kushoto halikunji, na huyo bwana harusi ni mjukuu wake wa kwanza. Popote ambapo mama hawezi kufika kwa miguu yake au kwa kiti cha magurudumu, palikuwa pameshatoka kwenye orodha yangu kabla sijauliza bei.

Majina ya hoteli siyaandiki. Meneja wa leo kesho yuko kwingine, mpishi naye vivyo hivyo, lakini bahari na ngazi hazihami. Nitawaeleza mahali.

Nilianzia Mji Mkongwe, katika nyumba ya zamani iliyogeuzwa hoteli, na harusi hufanyika juu ya paa. Ni pazuri mno. Unaona bandari, unaona madau yakirudi, na upepo unakuja taratibu. Lakini ngazi ni za mbao, zimesimama wima kama za kupandia darini, na nilizihesabu: 61. Nilipomweleza meneja habari za mama akasema vijana watambeba. Nilimshukuru nikashuka. Mama alilea wajukuu wote wale kwa mgongo wake. Siku ya harusi ya mmoja wao hataingia ukumbini akiwa amebebwa na watu asiowajua.

Tukiwa hapo mjini, kuna walioniomba niulize kama inawezekana kupiga picha za shela kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini. Sisi ni Waanglikana, nililielewa ombi. Lakini kanisa lile limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa, na nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Nilikaa pale karibu saa nzima. Niliporudi niliwaambia tutakwenda sote siku ya Alhamisi, tusali, na hakuna atakayevaa shela.

Siku ya pili nikaenda Kendwa, kaskazini. Ikiwa sharti lako ni bahari tu, sina neno baya la kusema juu ya Kendwa. Maji hayaendi mbali, watu wanaogelea saa yoyote, na jua linazama baharini mbele ya macho yako. Hoteli niliyoiona ilikuwa na vyumba vya chini na njia ya saruji hadi mchangani. Nilikuwa karibu kulipa. Kisha mhudumu aliyeniletea madafu akaniuliza harusi ni lini, nikamtajia tarehe, akaniangalia: "Mama, hiyo si Jumamosi ya mwezi mpevu?" Kendwa inajulikana kwa sherehe yake ya mwezi mpevu, watu wanatoka kisiwa kizima kuja kucheza hadi alfajiri. Meneja aliyekaa nami saa mbili akipiga hesabu za viti hakunitajia. Pengine hakukumbuka. Nilirudisha kalamu mkobani.

Ya tatu ilikuwa Paje, upande wa mashariki, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo tulipoponea.

Nilifika tarehe 21 Februari, saa kumi jioni, yaani muda ule ule wa harusi. Mchanga mweupe kama unga wa muhogo, mpana, ungeweza kupanga viti 200 na bado watu wakapita. Maji yako kule mbali, ya rangi mbili tatu. Meneja akafungua mikono: "Kama unavyoona, mama. Hapa ndipo." Nikapiga picha nikatuma Leeds, na kabla sijafika kwenye gari mkwe wetu alikuwa ameshajibu kwa mioyo kumi na tano.

Nikatembea kidogo ufukweni peke yangu. Chini ya mvinje alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo yangu, miguu ameinyoosha, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Vipande vidogo, kila kimoja na kitanzi chake, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama. Tukasalimiana, nikakaa. Nikamuuliza mbona hayuko shambani na maji yametoka.

"Haya maji mafu, dada. Hayatoki hasa. Tunakwenda bamvua, asubuhi."

Nikamwambia tuna harusi hapo, Agosti, siku ya mwezi mpevu, saa kumi na nusu. Akaacha kamba.

"Mwezi kumi na nne saa kumi, hapa maji tu. Mtakaa wapi?"

Akanionyesha kwa kidole ukuta wa hoteli ile ile niliyotoka. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili bila kuona. Mita moja hivi kutoka chini kulikuwa na mstari: juu yake chokaa nyeupe, chini yake ukijani na vijikonokono vimeshikamana. Maji yalikuwa yanafika pale. Ule mchanga wote niliopiga picha ulikuwa ni mchanga wa siku ile.

Nimezaliwa bara, nisamehewe, lakini sasa nimejifunza na nataka kila anayepeleka harusi pwani ajue. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Na katika pwani yetu hii, Zanzibar na Mombasa kwa pamoja, maji ya bamvua hujaa alasiri, baina ya saa kumi na saa kumi na moja, na kutoka asubuhi kwenye saa nne au tano. Kwa hiyo anayetaka harusi ya jioni yenye mwezi mpevu ameomba, bila kujua, saa ile ile ambayo bahari imepanda mwisho. Mimi nilifika mwezi ukiwa nusu. Picha yangu ilikuwa ya kweli na ingetupoteza.

Akaniongezea na la upepo. Februari ni kaskazi; Agosti ni kusi, na kusi Paje huja kutoka baharini. Ndiyo maana wale vijana wa tiara za kuteleza majini wanajaa pale. Shela, maua, kipaza sauti cha mchungaji, vyote vingekuwa vinapigana na upepo. Nilimuuliza yeye angefanyia wapi. Akasema, bila kufikiri, "Kae. Imeupa kusi mgongo."

Nilinunua sabuni zake za mwani sita. Ningenunua zote.

Michamvi ni rasi nyembamba, mwendo wa saa moja u nusu hivi kutoka uwanja wa ndege. Unapita msitu wa Jozani, ambapo gari linapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara, kisha unakwenda kaskazini hadi nchi inaisha. Upande wa mashariki ni Pingwe, kwenye ule mkahawa wa juu ya jiwe ambao maji yakijaa unaendewa kwa mashua. Upande wa magharibi ni Kae, inaangalia ghuba ya Chwaka. Hilo ndilo la ajabu lake: uko pwani ya mashariki ya kisiwa, lakini jua linakuzamia mbele, juu ya maji, na mikoko ipo pembeni.

Hoteli tuliyochukua ina vyumba 14, mmiliki ni familia, na meneja ni binti wa Kizanzibari ambaye swali langu la kwanza alilijibu kwa kutoa jedwali la maji kwenye droo. Hakwenda kulitafuta, lilikuwa mezani kwake. Alilifungua Agosti, akaweka kidole kwenye tarehe 9, akasema: "Yanajaa saa kumi na nusu. Ufuo utabaki mwembamba. Tuwaweke kwenye bustani, juu ya ukingo, bahari iwe chini yenu. Wakimaliza kiapo maji yanaanza kutoka, na jua likizama mchanga utakuwa bado mbichi." Nilimpa amana siku hiyo hiyo. Mtu anayejua bahari ya mlangoni pake atajua na mengine.

Amana ilikuwa asilimia 40 ya dola 1,800 za mahali, viti, meza na taa. Chakula na vyumba mbali. Tulikuwa watu 58.

Sasa niseme yaliyokuwa mazuri na yaliyotuudhi, kama yalivyotokea.

Vyumba vya chini visivyo na hata kizingiti ni vitatu. Mama alipewa kimoja. Kiti cha magurudumu hakiendi mchangani, na Februari wao walidhani majamvi yatatosha. Tulijaribu na kiti cha ofisini: magurudumu yakazama na jamvi likakunjana. Basi fundi wao akatengeneza njia ya mbao, vipande vipande, kutoka barazani hadi safu ya mbele, mita 22. Tulipofika Agosti ilikuwa imeshalazwa na imepigwa msasa. Nilipitisha kiganja juu yake kutafuta vibanzi nisipate hata kimoja. Hawakututoza.

Chakula kilitaka mazungumzo. Orodha yao ilikuwa tambi za Kitaliano, kuku wa kuchoma na saladi, kila harusi hiyo hiyo. Niliwaambia wageni wa Kampala na wa Voi hawasafiri hadi Zanzibar wale walichokiacha Nairobi uwanja wa ndege. Tukamtafuta mpishi wa kijijini, mama mwenye masufuria makubwa, akapika pilau, pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Hoteli ikatoza dola 150 za kuleta mpishi wa nje. Nilizilipa bila furaha, na bado naona ni nyingi kwa mtu anayeishi mita 300 kutoka lango lao. Lakini yule mama aliuliza bibi anapenda nini, nikamwambia kimanga, na nikamweleza: muhogo na maharagwe, vinapondwa pamoja. Siku ya harusi bakuli likaja limefunikwa kawa, la mtu mmoja. Mama alilimaliza.

Habari za karatasi nitazipitia haraka. Ndoa ya kisheria ilifungwa Leeds mwezi wa Julai, kwa msajili, baada ya kutoa taarifa siku 28 kabla kama Waingereza wanavyotaka. Zanzibar ilikuwa ni ibada ya baraka, na mchungaji wetu alitoka nasi nyumbani. Ilituondolea wasiwasi mkubwa. Wageni watu wazima 22 wa Uingereza walilipa kila mmoja dola 50 za viza na dola 44 za bima ya Zanzibar, ambayo imekuwa ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024. Jumla ni dola 2,068, na hakuna aliyekuwa ameziweka kwenye bajeti ya kamati. Ziwekeni. Na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Hata zile pipi za wageni tulizozifunga kwenye vifuko tulizifungua upya usiku wa kuamkia safari tukazihamishia kwenye karatasi.

Kae ni kijiji, na ni kijiji cha Waislamu. Meneja alitueleza mapema: adhana ikianza muziki unazimwa, saa nne usiku unazimwa moja kwa moja, na mgeni akitoka kwenda dukani avae nguo kamili. Baadhi ya vijana wetu walinung'unika juu ya saa nne. Mimi niliona ni haki. Ufuo ule ni njia ya watoto wanaotoka madrasa na wavuvi wanaorudi, na walitupisha siku nzima kwa salamu.

Siku yenyewe maji yalipanda kama jedwali lilivyosema. Saa kumi na nusu yalikuwa yamefika chini ya ukingo kabisa, yanagonga taratibu, na bibi harusi alipita juu yake kama anayepita ukingoni mwa jahazi. Kusi lilikuwa linavuma, minazi nyuma yetu ilikuwa imeinama, lakini pale mbele ya mchungaji kitabu hakikufunuka ukurasa wake chenyewe hata mara moja. Kwenye saa kumi na mbili maji yakawa yamerudi hatua arobaini, na mchanga ulioachwa ukawa unang'aa kama sinia iliyofutwa sasa hivi. Mpiga picha hakuhitaji kuambiwa kitu.

Kisha ikaja adhana ya magharibi. Muziki ukazimwa, watu wakanyamaza, hata watoto. Jua lilikuwa limeshazama. Mama akanigusa mkono, akataka kiti chake kigeuzwe. Nilidhani amechoka anataka chumbani. Alikuwa ameuona mwezi: unatoka nyuma yetu, juu ya paa la jiko, mkubwa na mwekundu, na watu wote 57 walikuwa wanatazama upande mwingine. Nikamgeuza. Tukakaa hivyo sisi wawili hadi adhana ikaisha.

Lililoniuma lilitokea baada ya hapo. Mama ndiye aliyekuwa wa kutoa baraka za ukoo, na alikuwa amezifanyia mazoezi wiki nzima, kwa Kitaita, na mimi nifasiri. Baada ya maneno mawili matatu, umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka meza kuu, na ikanguruma kama lori linalopanda Mwatate. Mama alinyamaza akisubiri iishe. Haikuisha. Akaendelea, lakini sauti yake haikufika hata meza ya pili, nami nilipofasiri nilikuwa napiga kelele, na baraka hazipigiwi kelele. Februari niliuliza kama kuna jenereta, nikajibiwa ipo. Sikuomba iwashwe nisikie. Nimewaandikia waihamishe nyuma ya tangi la maji, na meneja amejibu kwamba wamekubali, sijarudi kuona. Wewe ukienda, popote uendapo, mwambie aiwashe ukiwa umesimama pale atakapokaa mzee wako.

Madogo: maji ya bafuni yana chumvi kidogo, chandarua cha chumba namba 6 kilikuwa na tundu la ngumi, na kurudishiwa amana ya uharibifu kulichukua siku 19 wakati mkataba unasema 10. Ilirudi yote.

Pesa zangu ningewapa tena. Kama mnataka Jumamosi ya Agosti, shikeni kwanza vile vyumba vitatu vya chini, maana wageni vijana huvichukua kwa sababu viko karibu na bahari, na mkifika na bibi yenu mtaambiwa kilichobaki ni cha ghorofani.